Moyo Uliokufa Kimya

Tangu alipoletwa kituoni jioni ya jana, Mwanakombo hakuwa amesema lolote zaidi ya jina lake na jina la marehemu mumewe. Mdomo wake wa chini ulikuwa umepasuka na jicho moja limefumba kwa uvimbe. Haikuwa kazi ya polisi. Ndugu wa mumewe ndio waliompiga, nyumbani kwake Tandale, maiti ikiwa bado chumbani. Kama si jirani kumvutia ndani kwake, kufunga mlango na kupiga simu, Inspekta Kokuberwa angekuwa na vifo viwili vya kupeleleza.

Kokuberwa alimwamkia kabla ya kuvuta kiti. Mwanamke huyu alikuwa rika la shangazi yake.

"Marahaba," Mwanakombo akajibu kwa sauti ndogo, kisha akarudisha macho sakafuni.

Mezani palikuwa na vielelezo ambavyo Koplo Benson alivitoa nyumbani kwa marehemu. Kopo la vidonge vya kuhifadhia nafaka, lilikutwa stoo. Sindano nyembamba za plastiki. Kichupa cha dawa ya maji kilichobanduliwa karatasi yake ya jina. Sindano na kichupa vilikuwa ndani ya chungu kidogo cha udongo, kimefukiwa nusu kwenye beseni la mchanga uliolowa, uvunguni mwa kitanda. Ndugu wa marehemu walipokiona chungu kile walisema ni uchawi, na hapo ndipo kipigo kilipoanza.

Kokuberwa alimuuliza dawa ile ni ya nini. Kimya. Akamuuliza nani aliibandua karatasi. Kimya. Akamuuliza kwa nini jana mchana alimpikia mumewe sufuria yake peke yake, wakati watu wengine wa nyumba ile walikula chakula kingine. Mwanakombo alifumba jicho lake zima, na chozi likateremka.

"Mama, kesho asubuhi wanataka nikupeleke mahakamani kwa mauaji," Kokuberwa akasema. "Ukinyamaza, mie sina cha kukutetea."

"Nipelekeni tu," Mwanakombo akasema. "Aliyenipa amana yake hayupo tena kuniruhusu niseme."

Nje ya chumba, Benson alisema kwamba kwa maoni yake ishu iko wazi. Marijani Khalfani alikuwa muuza mchele na maharage katika soko la Tandale, na kila anayeshika nafaka ana vidonge vile. Mtu akimeza kimoja hutapika, hutoka jasho, hukosa pumzi na moyo husimama. Marijani alikula mchana, akatapika, akatoka jasho, akakosa pumzi, akafa kabla ya jua kuzama. Na kijana wake, Twalib, mtoto wa marehemu mke wa kwanza, alikuwa ameandika maelezo yaliyonyooka: baba yake alikuwa mzima wa afya, mama wa kambo alimpikia peke yake, mdomo wa marehemu ulinuka kitu kisicho cha kawaida, na vyombo vilioshwa upesi. Twalib mwenyewe, dereva wa lori la saruji, alisema hakuwa ameonana na baba yake tangu Idi. Jumapili alikuwa njiani kwenda Morogoro na mzigo wa saruji kutoka kiwandani Wazo, na jana, Jumatatu, alipigiwa simu ya msiba.

"Kwa nini akiweke chungu kwenye mchanga uliolowa?" Kokuberwa akauliza.

"Nini, afande?"

"Mchanga ukilowa, chungu kinapoa. Mtu hahangaiki kuipoza sumu, Benson. Anaificha au anaitupa."

Kokuberwa akamtuma apige simu kwenye yadi ya malori kuhakikisha safari ya Morogoro, naye akachukua gari kwenda Tandale.

Jirani aliyempigia polisi simu aliitwa Najat, mwenye saluni ndogo mkabala na nyumba ya Marijani. Maturubai ya msiba yalikuwa yamefungwa uchochoroni, wanawake wamekaa mikekani, na wawili watatu walimtazama Kokuberwa kwa chuki, kwa kuwa habari ilikuwa imefika kwamba polisi wanaizuia maiti isizikwe. Najat alimwingiza saluni na kushusha pazia.

Alisema kwamba jana asubuhi, kabla hata Mwanakombo hajawasha jiko la mchana, alimwona Mzee Marijani akitoka chooni. Alipanda vidaraja vya baraza, vidaraja ambavyo watoto huviruka, na katikati akasimama kupumzika, mkono ukutani. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Najat alimpelekea kiti. Hapo ndipo alipoisikia ile harufu mdomoni mwake.

"Harufu gani?" Kokuberwa akauliza. "Kama kitunguu saumu? Kama samaki aliyeoza?"

"Hapana, dada. Kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nilidhani ni mikono yangu."

"Na hii ilikuwa kabla hajala?"

"Kabla. Nilimuuliza kama kifua kinambana. Akacheka, akasema hakuna kinachouma, uchovu tu."

Kokuberwa alimtaka ayarudie maneno hayo taratibu, akayaandika, na Najat akatia sahihi. Kisha akaenda chumba cha maiti.

Twalib na baba zake wadogo walikuwa wamekaa nje ya mlango tangu alfajiri, sanda na marashi vimewekwa kwenye begi miguuni. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, mnene wa mabega, macho mekundu. Alisimama na kumwambia Kokuberwa kwamba dini yao inataka maiti izikwe upesi, na kwamba muuaji anajulikana, hivyo hakuna haja ya kumpasua baba yake. Alisema hivyo huku akiutazama mlango wa chumba cha maiti. Kokuberwa alimpa pole, akamwonyesha kibali cha hakimu na kumwahidi kuwa alasiri wangemzika. Alichokiona kabla ya kupita ni kwamba baba wadogo walikuwa na hasira, lakini Twalib alikuwa na hofu.

Daktari Adelard, mchunguzi wa maiti, alikuwa amekwisha maliza. Alivua glovu, akanawa, akamkaribisha kwenye meza ya chuma ambako moyo wa Marijani ulikuwa kwenye trei.

"Tuanze na vidonge vya nafaka," Kokuberwa akasema.

"Sijaviona. Tumbo halijaungua, harufu yake haipo, na karatasi ya kupimia haikubadilika rangi. Sampuli nimezituma kwa mkemia, lakini sitegemei kitu."

"Na hiki kichupa?" Kokuberwa akakitoa mfukoni.

"Insulini. Marehemu alikuwa mgonjwa wa kisukari, na si wa mwaka jana. Figo zinasema, macho yanasema, nyayo zinasema. Ana kidonda unyayoni ambacho sidhani alikijua."

Kokuberwa aliwaza. Insulini ikizidi inaua. Mke aliyeishika sindano kila siku angeweza kuijaza kupita kiasi, na hilo lingeeleza karatasi iliyobanduliwa. Akamwambia daktari hivyo.

"Nilifikiri hilo pia," Adelard akasema. "Insulini ikizidi, sukari inashuka hadi mtu anazimika. Nimepima maji ya jicho, maana hayo hayadanganyi upesi kama damu baada ya kifo. Sukari yake ilikuwa juu sana. Na mwili ulikuwa umeanza kuchoma mafuta yake wenyewe, ndiyo maana mtu huyo angenuka kama..."

"Kama dawa ya kufutia rangi ya kucha."

Adelard alimtazama. "Nani amekwambia?"

"Mtu aliyemletea kiti. Endelea."

Daktari aligeuza trei kuelekea mwanga. Moyo ulikuwa mkubwa kuliko ngumi ya mwenyewe, na ukuta wake wa kushoto umenenepa. Aliubonyeza kwa kidole, nao ukabaki mgumu. Alieleza kwamba sukari ikikaa kwenye damu miaka mingi hufanya nyama ya moyo ikakamae. Nyuzi ngumu huota katikati ya misuli, mishipa midogo husinyaa, na moyo ambao ungepaswa kulegea ili ujae damu unakuwa kama mpira wa zamani. Kwanza unakataa kujaa. Baadaye unashindwa hata kusukuma. Maji yanarudi mapafuni na miguuni. Kisha akaonyesha mistari myeupe ndani ya nyama.

"Haya ni makovu," akasema. "Mzee huyu alikwisha kupata shambulio la moyo zamani, labda zaidi ya moja. Nyama ikafa, ikapona kwa kovu, naye akaendelea kuuza mchele."

"Bila kujua?"

"Angejuaje? Kisukari kinakula mishipa ya fahamu. Ile inayokwambia unyayo umechomwa na msumari, na ile inayokwambia moyo unakufa. Mtu mwingine angeshika kifua na kupiga kelele, na mtaa mzima ungemkimbiza hospitali. Huyu alitoka jasho, akatapika, akachoka. Basi."

Kokuberwa aliinama karibu na trei. Upande mmoja wa moyo palikuwa na doa la manjano hafifu lililozungukwa na wekundu.

"Na hapa?"

"Hilo ndilo lililomuua. Mshipa uliziba."

"Lini?"

"Nyama hiyo haikufa jana mchana. Misuli ya moyo inahitaji muda kugeuka rangi namna hiyo. Ukiniuliza mahakamani nitasema ilianza kufa siku moja kabla yake. Jumapili, mchana au jioni."

"Kabla ya sufuria."

"Kabla ya sufuria. Na mtu akifikishwa hospitali mapema, tunaweza kujaribu. Nisingeapa kwamba moyo huu ungepona. Lakini alikuwa na nafasi, na nafasi hiyo ilikuwa Jumapili."

Kokuberwa aliomba ripoti ya awali kwa maandishi, akaruhusu maiti itolewe, na kurudi kituoni. Njiani Benson alimpigia. Lori la Twalib halikwenda Morogoro. Jumapili lilikuwa yadini siku nzima, na dereva wake alikuwa mapumziko.

Safari hii hakumhoji Mwanakombo mezani. Alimletea chai na mkate, akakaa naye kwenye benchi, akamwambia kila alichokisikia kwa daktari. Alimwambia kwamba dawa ya kwenye chungu inajulikana jina lake, kwamba ugonjwa wa mumewe umeandikwa, na kwamba amana aliyoilinda haipo tena. Mwanakombo alisikiliza bila kugusa chai. Aliposikia kuhusu makovu ya zamani alishika kifua chake mwenyewe.

Ndipo aliposema. Ilikuwa kama mtu anayetua mzigo na mikono haijaamini. Marijani aligundulika na sukari miaka mingi nyuma, akamwapisha asimwambie mtu. Baba yake Marijani alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo, akafa kitandani huku wanawe wakigombania vyumba. Marijani aliogopa yatamkuta hayo. Kila asubuhi Mwanakombo alimchoma sindano mlango ukiwa umefungwa. Nyumba haikuwa na friji, hivyo dawa aliitunza kwenye chungu na mchanga, kama alivyofundishwa kliniki. Karatasi aliibandua mumewe mwenyewe. Sufuria ya pekee ilikuwa dona na mchicha usiotiwa nazi.

Kokuberwa alimuuliza kuhusu Jumapili.

"Alitoka mchana, akasema anakwenda Chamazi kumwona Twalib," Mwanakombo akasema. "Akarudi magharibi na viatu mkononi. Miguu ilikuwa imevimba, viatu havivaliki. Nikamwambia twende hospitali. Akasema amechoka tu, mie nisimtangaze. Nikamchemshia tangawizi."

"Una hakika alifika kwa Twalib?"

"Alikula kwake. Alitapika usiku, nikauona wali. Mie sijampa wali mwaka wa ngapi huu."

Alipomaliza alijifunika uso kwa khanga na kulia kwa sauti mara ya kwanza, na Kokuberwa akakaa pale mpaka alipotulia.

Hakwenda kumkamata Twalib kwenye mazishi. Yeye na Benson walisubiri nje ya geti la makaburi, ndani ya gari, wakiwatazama wanaume wakipokezana jeneza. Dua ilipokwisha na watu kuanza kutawanyika, Benson alimfuata Twalib na kumwomba kwa adabu aje kituoni. Alikuja bila ubishi, udongo wa kaburi bado mikononi.

Kokuberwa alimweka ofisini kwake na kumuuliza alikuwa wapi Jumapili. Morogoro, akasema, na mzigo. Kokuberwa akamwambia kuhusu yadi. Twalib akasema basi amechanganya siku. Kokuberwa akamuuliza mara ya mwisho alimwona lini baba yake. Tangu Idi, akasema, lakini sauti ilikuwa imekwisha kupungua.

"Daktari ameniambia baba yako alianza kufa Jumapili," Kokuberwa akasema. "Si kwa sumu. Kwa moyo. Alikuwa kwako. Alikula wali wako. Niambie alikuwa na hali gani alipoondoka."

Twalib alitazama mikono yake. Alianza kusema bila kuinua uso.

Alisema baba yake alifika Chamazi kuona nyumba anayoijenga. Kutoka barabarani hadi kiwanjani si mbali, lakini mzee alikaa chini njiani mara kadhaa, na Twalib akaudhika kwa kuwa fundi alikuwa akiwasubiri. Baada ya kula wakagombana. Twalib alitaka ajue nyumba ya Tandale itakuwa ya nani, na mzee akasema bado yu hai. Katikati ya maneno hayo mzee akaanza kutoka jasho, akainamia ukuta wa matofali na kutapika. Akamwomba ampeleke hospitali. Twalib alidhani ni njia ya kuyakata mazungumzo. Alimsimamishia bajaji, akamwambia dereva ampeleke Tandale.

"Hakushika kifua, afande. Nakuapia. Mtu wa moyo si anashika kifua?"

"Wa kisukari si lazima ashike."

"Kisukari?" Twalib akainua uso. "Baba hakuwa na kisukari."

Kokuberwa akamsogezea ripoti ya daktari. Twalib aliisoma mara mbili. Alipoelewa, aliegemea meza.

"Niliposikia amefariki nilijua ni ile hali iliyompata kwangu," akasema. "Nikajua watasema nilimwacha. Nikasema sumu. Baba wadogo wakaamini, na kila nilivyorudia na mie nikaamini. Wakaanza kumpiga yule mama. Nilikuwa nimesimama mlangoni, afande. Nilikuwa natazama."

Benson aliandika maelezo mapya, Twalib akayasoma na kutia sahihi. Kokuberwa alikwenda kwa mkuu wa kituo na ripoti ya daktari mkononi, na alipotoka alikuwa na ruhusa ya kumwachia Mwanakombo na kumfungulia Twalib jalada la kutoa taarifa za uongo kwa polisi. Jalada la kipigo lilimsubiri mlalamikaji aamue.

Najat alikuwa amekuja na khanga safi na kandambili. Mwanakombo alirudishiwa pete yake kaunta, akaivaa, na alipogeuka alimwona Twalib kwenye benchi. Twalib alisimama, kisha akapiga magoti palepale mbele ya askari wa zamu. Alianza kueleza ya Jumapili, wali, bajaji, akichanganya maneno, akimwita mama, neno ambalo hakuwahi kumwita.

Mwanakombo alimwacha aseme mpaka mwisho.

"Alikwambia nini alipokuwa anapanda bajaji?" akauliza.

"Alisema amechoka."

Mwanakombo alishika ukingo wa kaunta. "Na mie aliniambia hivyo," akasema. "Hivyohivyo. Nikampa tangawizi."

Akamgeukia Kokuberwa na kumuuliza kama angembeba kwa nguvu usiku ule wa Jumapili, angepona. Kokuberwa alikuwa na maneno ya daktari, na hakutaka kuyapamba wala kuyaficha. Alimwambia kwamba palikuwa na nafasi, ndogo, na kwamba mtu ambaye moyo wake hauwezi kulia huwaponyoka hata madaktari. Mwanakombo aliitikia kwa kichwa. Najat akamshika mkono.

Kokuberwa alimuuliza kama anataka kufungua kesi ya kipigo, akamweleza kwamba ushahidi upo na waliompiga wanajulikana, pamoja na aliyesimama akitazama.

"Andika, mwanangu," Mwanakombo akasema. "Andika yote, usiache mtu. Eda yangu ilianza jana na mie nilikuwa huku ndani. Hilo nalo liandike. Lakini huyu usimlaze hapa leo. Nyumbani kuna watu wa msiba, na hakuna mtoto mwingine wa Marijani wa kuwapokea."

Alijifunga khanga kichwani, akauficha mdomo uliopasuka.

"Matanga yakiisha," akasema, "njoo umchukue."